Figo mpya na damu: Mambo ambayo mgonjwa na mzazi wanapaswa kuyajua

“Daktari, figo ya baba yake imepimwa, ni nzima, na vipimo vyao vinaoana. Sasa mnahofia nini tena?”

Mama mmoja aliniuliza hivyo mwanawe alipokuwa akisubiri kupandikizwa figo. Ni swali la haki. Familia nyingi huhangaika kwa miezi kumtafuta ndugu anayefaa, na akipatikana huona safari imekwisha. Jibu langu lilikuwa fupi: hata figo nzima, isipopata damu ya kutosha siku ya upasuaji na siku zinazofuata, inaweza kuchelewa kufanya kazi au kuharibika.

Figo zetu mbili ni ndogo, lakini hupokea karibu sehemu moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo, yaani takriban lita moja kila dakika. Kwa siku huchuja kama lita 180 za maji kutoka kwenye damu na kuyarudisha karibu yote mwilini. Kinachobaki, lita moja hadi mbili, ndicho mkojo. Kazi hiyo haifanyiki bila damu nyingi inayofika kwa msukumo mzuri.

Dakika za kufungua vibano

Siku ya upandikizaji, mishipa ya figo ya mchangiaji hufungwa, figo hutolewa na kuoshwa kwa maji maalumu ya baridi. Kisha huunganishwa na mishipa mikubwa ya mpokeaji sehemu ya chini ya tumbo, karibu na nyonga. Kwa muda wote huo figo haipati damu. Baridi huipunguzia madhara, lakini haiyaondoi. Faida kubwa ya kuchangiwa na ndugu aliye hai ni kwamba muda huo huwa mfupi.

Vibano vikifunguliwa, figo iliyopauka hurudia rangi yake na kujaa, na mara nyingi mkojo huanza kutoka mgonjwa akiwa bado mezani. Ndivyo ilivyokuwa Boston, Marekani, Desemba 23, 1954, Dk Joseph Murray na wenzake walipompandikiza Richard Herrick figo ya pacha wake, Ronald. Kwa kuwa walikuwa mapacha wa kufanana, mwili haukuwa na sababu ya kuikataa. Kilichobaki ni damu kuipitia vizuri. Iliipitia, na Richard akaishi miaka minane zaidi.

Hapa ndipo kazi ya daktari wa usingizi inapokuwa kubwa. Figo ya kawaida, presha ikishuka kidogo, hurekebisha mishipa yake ili damu isipungue. Figo iliyotoka kupandikizwa haina uwezo huo kikamilifu, hivyo hutegemea presha ya mgonjwa ilivyo. Ndiyo maana mgonjwa huongezewa maji ya dripu na presha yake kuangaliwa muda wote, hasa kabla vibano havijafunguliwa. Maji yakizidi nayo huweza kujaa kwenye mapafu, kwa hiyo hupimwa kwa uangalifu.

Figo ikilala

Figo iliyokosa damu ya kutosha inaweza “kulala”. Mkojo huwa kidogo, na mgonjwa hurudi kwenye mashine ya kusafisha damu kwa siku au wiki kadhaa. Familia hushtuka na kudhani figo imekataliwa. Mara nyingi sivyo, na nyingi ya figo hizo huamka. Hali hii hutokea mara chache zaidi kwa figo za wachangiaji walio hai kuliko za waliofariki.

Mtoto anapopokea figo ya mtu mzima

Mzazi, hapa nisikilize kwa makini. Mtoto wa kilo 10 ana damu kama mililita 800 tu mwilini. Figo ya baba yake ilizoea kupitiwa na karibu nusu lita kila dakika. Vibano vikifunguliwa, figo hiyo huvuta sehemu kubwa ya damu ya mtoto, na presha inaweza kuanguka ghafla. Kwa hiyo mtoto hujazwa maji, na wakati mwingine damu, kabla ya hatua hiyo. Baadaye atatakiwa kunywa maji mengi kuliko watoto wenzake, kwa kiwango atakachopangiwa na daktari. Usione tunamsumbua kwa vikombe vya maji, tunailisha figo.

Unachoweza kufanya

Kabla ya upasuaji, waambie wataalamu dawa zote za presha unazotumia, na uulize ipi umeze na ipi uache asubuhi hiyo. Ukisafishwa damu siku moja kabla, usiombe kutolewa maji kupita uzito uliopangiwa. Mwili mkavu hushusha presha mezani. Usikubali kupimwa presha kwenye mkono wenye mshipa wa kusafishia damu.

Ukiwa wadini, mkojo hupimwa kila saa. Ukiona mfuko wa mkojo uliokuwa ukijaa umeacha ghafla, mwite muuguzi palepale. Inaweza kuwa mpira umeziba tu, au mshipa wa figo umeziba kwa damu iliyoganda, na hapo kila dakika ina thamani.

Nyumbani, kuharisha au kutapika si jambo la kusubiri hadi kesho. Maji yakipungua mwilini, figo ndiyo huumia mapema. Piga simu hospitali siku hiyohiyo, na usiache dawa za kuzuia figo kukataliwa bila kuambiwa na daktari. Epuka diklofenaki na ibuprofeni, maana hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Dawa za mitishamba nazo ziache.

Nawe uliyechangia, usijisahau. Figo iliyobaki huongeza kazi, lakini inahitaji presha nzuri, maji ya kutosha na vipimo kila mwaka.

Yule mama aliniuliza tena, “Kwa hiyo kazi yangu ni maji na presha?” Nilimjibu ndiyo, pamoja na dawa kwa saa zake. Ndugu ameshatoa figo yake. Kuifikishia damu ni kazi yetu sote tuliobaki.