Vijana dhidi ya wazee: mjadala unaomwacha nje wa miaka 16 na wa miaka 65

1/ Siasa zikipanda moto, tunarudi palepale: vijana upande huu, wazee upande ule. Tangu maandamano ya Juni 2024 kuhusu Mswada wa Fedha, hiyo ndiyo lugha ya mtandaoni. Leo sitaji chama wala mwanasiasa. Nataka tuangalie ahadi moja inayotajwa jukwaani halafu inasahaulika: kuwakutanisha matineja na wazee ili wote waishi vizuri. Mifano yangu ni ya Thika na Ruiru, kwa sababu huko ndiko nyumbani.

2/ Kwanza tuelewane maneno. Kwa Katiba ya 2010, "kijana" ni aliyefikisha miaka 18 lakini hajafikisha 35. Chini ya 18 ni mtoto. Mzee ni aliyepita miaka 60. Kwa hivyo mwanasiasa akisema "nitawapa vijana fedha za biashara", msichana wa miaka 16 pale Githurai 45 hayumo. Kura hana, kitambulisho hana.

3/ Upande wa wazee pia kuna shimo. Pesa za Inua Jamii za wazee, Sh2,000 kwa mwezi, ni za waliofika miaka 70. Mama wa miaka 65 kule Makongeni ni mzee kwa Katiba, lakini kwa mpango huo bado. Hawa wawili, wa 16 na wa 65, ndio hasa mjadala unawaruka.

4/ Mbona Thika na Ruiru? Hesabu ya watu ya 2019 ilipata karibu watu 490,000 Ruiru na karibu 251,000 Thika. Mashamba mengi ya kahawa ya Ruiru yaligeuka ploti, na barabara kuu ya Thika ikaleta wapangaji wanaofanya kazi Nairobi. Mzazi anatoka alfajiri, anarudi usiku. Shosho amebaki mashambani au upande ule mwingine wa mji. Mtoto yuko na simu na ufunguo wa nyumba.

5/ Niwape kisa cha nyumbani. Shosho yangu anaishi Kiganjo, Thika. Pesa zake zikiingia, alikuwa anampelekea simu mtu wa duka amsomee meseji. Namba ya siri pia alimpa. Kila mara pesa zilikuwa zinapungua kidogo, na shosho anadhani ni "makato ya serikali".

6/ Likizo moja binamu yangu wa miaka 16 akaletwa kwake kutoka Kimbo, Ruiru. Kijana alikuwa amenyamaza, hata mamake hajui shida ni nini. Akamfundisha shosho kubadilisha namba ya siri na kuangalia salio mwenyewe, kwa mulika mwizi yake ile ile. Ilichukua siku nne, na kelele ziliwahi kuwa nyingi.

7/ Wiki ya pili, wakichambua maharagwe, kijana akamwambia shosho kwamba shuleni anapigwa na wanafunzi wakubwa na hataki kurudi. Shosho hakumhubiria. Alimuuliza majina, kisha akampigia mamake. Shule ikahamishwa. Na mtu wa duka hajaguswa simu hiyo tena.

8/ Sasa swali la siasa: hiyo ilikuwa sera? Hapana, ilikuwa bahati. Kulikuwa na nauli, kuna shosho karibu, na likizo. Jirani yao wa Kimbo asiye na shosho Thika anafanyaje? Hapo ndipo hoja tatu huibuka kwenye midahalo.

9/ Hoja ya kwanza: "Hiyo ni kazi ya familia." Nusu ni kweli. Kifungu cha 57 cha Katiba kinasema wazee wana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kuishi kwa heshima, na kupata msaada wa familia NA wa Serikali. Zote mbili. Anayetaja moja tu amekata kifungu.

10/ Hoja ya pili: "Wazee ni wachache, pesa ziende kwa vijana." Kweli, mwaka 2019 waliopita miaka 60 walikuwa kama milioni 2.7 kati ya Wakenya milioni 47.6. Lakini ile Sh2,000 ya shosho mara ngapi imenunua unga wa wajukuu? Ndani ya nyumba hakuna bajeti mbili.

11/ Hoja ya tatu: "Upweke si siasa." Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti 2025: mtu 1 kati ya 6 duniani anaathiriwa na upweke, na unahusishwa na vifo takriban 871,000 kwa mwaka. Matineja wako juu sana kwenye orodha hiyo. Tukiita malaria siasa ya afya, hii pia ni siasa ya afya.

12/ Inawezekana? Zimbabwe walianza 2006, mtaa wa Mbare, Harare. Daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafunza nyanya 14 kukaa kwenye benchi na kusikiliza watu wenye msongo wa mawazo. Utafiti wa 2016 ulionyesha waliosikilizwa walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hao walikuwa watu wazima, si matineja. Lakini somo ni moja: mzee alipewa kazi, hakupewa blanketi na picha ya kampeni.

13/ Hapa kwetu nani afanye? Jedwali la Nne la Katiba linawapa kaunti maktaba, viwanja, kumbi na zahanati. Shule za msingi na sekondari ni za serikali kuu. Mtaala mpya tayari unataka wanafunzi wajifunze kwa kuhudumia jamii. Kwa hivyo ukumbi uko kwa gavana, watoto wako kwa waziri, na wazee wako kwenye baraza la chifu. Kila ofisi inangoja mwenzake.

14/ Tahadhari pia. Usimwache mtoto peke yake na mtu asiyemjua, wala usimpe mtoto namba ya siri ya mzee. Mahali pawe wazi, na pawe na msimamizi anayelipwa. Ndiyo maana inahitaji bajeti, si hotuba ya "heshimuni wazee".

15/ Uchaguzi ni Agosti 2027, lakini usingoje. Makadirio ya bajeti ya kaunti lazima yafike bunge la kaunti kabla ya Aprili 30 kila mwaka, na lazima wananchi washirikishwe. Ukienda kikao cha Thika au Ruiru, uliza vitu vitatu: ukumbi gani, siku gani, nani analipwa kusimamia? Akikujibu kwa methali, uliza tena.

16/ Wewe ulilelewa na shosho au guka? Ama una mzee kwa ploti anayekuomba umsomee meseji? Niandikie hapa chini. Na kama una tineja na mzee kwa nyumba moja, wasomee huu uzi wakiwa pamoja.