Kinamasi Kinachosafisha Majitaka

Maji ya bafu na jikoni yanayopita mlangoni pako huishia mtoni, na kule chini kuna anayeyachota kunyunyizia sukumawiki. Ndivyo kuhara na homa ya matumbo zinavyorudi mezani kwako.

Mwaka 1994, kando ya Barabara ya Lang'ata, mkahawa wa Carnivore na bwawa la michezo la Splash vilitengenezewa kinamasi. Majitaka yalitulia kwanza tangini, uchafu mzito ukabaki. Kisha yakapita polepole kwenye kokoto zilizopandwa mimea jamii ya matete. Lakini usidhani matete ndiyo hufanya kazi yote! Vijidudu vinavyoishi kwenye kokoto na mizizi ndivyo hula uchafu. Mimea hufyonza naitrojeni na fosforasi. Mwishoni ni mabwawa ya wazi, ambako jua na muda huua viini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha uchafu unaooza ulipungua kwa asilimia 98.

Mkijenga na majirani, tangulizeni tangi na mtego wa mafuta, la sivyo kokoto zitaziba. Maji yasionekane juu ya kokoto, mbu wasizaliane. Yakitoka, mwagilieni miti, msiyanywe.