Thimlich Ohinga: ngome ya mawe iliyogeuka kiraro na shamba

Huko Ulaya, milango mikubwa ya ngome za zamani, ile ambayo walinzi walikuwa wanakaa ndani yake, mingine iligeuka ghala za wakulima wakati vita vilipokwisha. Watu wengi hapa Bukavu wanafikiri mambo ya namna hiyo ni ya wazungu tu. Lakini ng'ambo ya Ziwa Victoria, katika kaunti ya Migori nchini Kenya, kuna ngome ya mawe ya Waafrika yenye historia inayokaribia hiyo.

Inaitwa Thimlich Ohinga. Kwa Kijaluo, ohinga ni ngome, na thimlich ni pori zito la kuogopesha. Wataalamu wanakadiria ilijengwa katika karne ya 16.

Mlango mdogo, juu ya nini?

Kuta zake zina unene wa metre 1 mpaka 3, na pengine urefu unapita metre 4. Lakini milango ni midogo na ya chini. Mtu mzima anapaswa kuinama ili aingie. Hiyo haikuwa bahati mbaya. Adui anayeinama hawezi kutupa mkuki, na hawezi kuingia pamoja na wenzake. Karibu na mlango kulikuwa mahali pa juu pa mlinzi, na yeye ndiye alimuona mgeni kwanza. Juu ya mlango waliweka mawe marefu ya kubeba uzito wa ukuta.

Hakuna simenti, hakuna hata udongo wa kushikisha. Mafundi walipanga uso wa nje na uso wa ndani, halafu katikati wakajaza mawe madogo ya kuunganisha pande zote mbili. Tena ukuta hauendi moja kwa moja, unapinda-pinda, na hiyo inausaidia kusimama.

Ng'ombe ndani, bustani ndani

Ndani ya ukuta mkubwa kuna viwanja vidogo vya mawe: viraro vya ng'ombe, vya mbuzi na vya ndama, pamoja na bustani. Mali ya watu ilikuwa mifugo, na wezi walikuja kutafuta hiyo. Jamii moja ilipohama, nyingine ilikuja, ikatengeneza palipoanguka na kubadilisha palipohitajika. Ni vile kazi iliendelea mpaka katikati ya karne ya 20.

Hatari ilianza wakati watu waliondoka na hakuna aliyekuja kukaa nyuma yao. Miti iliota kati ya mawe, mizizi ikasukuma kuta. Serikali ya Kenya iliitangaza kuwa mnara wa taifa mwaka 1981. Mwaka 2000 shirika la World Monuments Fund liliiweka kwenye orodha ya mahali palipo hatarini. Ukarabati ulifuata, na mwaka 2018 UNESCO iliandika ngome hiyo kati ya urithi wa dunia.

Somo kwa milima yetu

Kwa mtu wa Bukavu, kuna mambo mawili ya kushika. La kwanza ni maji. Ukuta wa mawe makavu unaacha maji ya mvua yapite katikati yake. Ukuta wa simenti wa kuzuia udongo nyuma ya nyumba, kama fundi hakuacha matundu, maji yanajaa nyuma yake, udongo unakuwa mzito, na siku moja ukuta unashuka pamoja na parsele. Kabla ya kumlipa masoni, muulize maji yatapitia wapi.

La pili ni matunzo. Thimlich Ohinga haikudumu kwa nguvu ya mawe peke yake. Ilidumu kwa sababu kila kizazi kilikuwa na kazi nayo, na jiwe likianguka kulikuwa na mtu wa kulirudisha. Nyumba za zamani za mji wetu zinahitaji hivyo pia: mtu wa kuzitumia, na kuzitengeneza mapema, mbele mvua haijamaliza kazi yake.