Majani Makavu ya Njia ya Msalaba



Jumatano hii tunaanza Kwaresima, na leo katekista wa kila kigango atakuwa amekumbusha waamini kurudisha matawi ya mwaka jana. Wengi wetu tumeyachomeka nyuma ya msalaba sebuleni, au pembeni mwa picha ya Bikira Maria. Yalipobarikiwa yalikuwa ya kijani. Sasa yana rangi ya mchanga na ukiyagusa yanapukutika. Wapo walioyasuka yakawa msalaba mdogo, wapo waliotengeneza ua. Ndiyo sanaa ya kanisani ambayo karibu kila Mkatoliki amewahi kuifanya kwa mikono yake, hata asiyejua kushika penseli. Kanisa linayabariki majani hayo, linatuachia yakauke mwaka mzima, kisha linayachoma na kutupaka majivu yake kwenye paji la uso.

Nayasema haya kwa sababu ya ubishi uliotokea parokiani kwetu Kwaresima iliyopita. Sisi tuko upande wa wachimbaji wadogo, kati ya Kahama na Geita, na picha zetu za Njia ya Msalaba zilikuwa zimeharibiwa na mvua. Vijana wakaomba watengeneze vituo vyote 14 kwa vitu vya kuokota. Waliokota majani ya mwembe na ya mpera yaliyoanguka, pamba iliyobaki mashambani, vipande vya magunia na udongo mwekundu. Gundi walikwangua kwenye migunga. Majani mengine waliyaloweka ndooni wiki kadhaa mpaka nyama yake ikaoza, wakayasugua taratibu kwa brashi laini, ikabaki mishipa peke yake kama kitambaa cha nyavu. Mishipa ya jani ni migumu kuliko sehemu nyingine, kwa hiyo ndiyo inayochelewa kuoza. Kwa nyavu hizo walitengeneza kitambaa cha Veronika, na mimi sijaona kitambaa cha Veronika kilichonigusa kuliko hicho.

Baadhi ya wazee wa halmashauri ya walei hawakupenda. Walisema majani yatajikunja, mchwa watapanda ukutani, na nyumba ya Mungu inastahili kitu cha kudumu. Mmoja alijitolea kununua picha za plastiki kutoka Mwanza, zenye fremu za rangi ya dhahabu. Nia yake ilikuwa njema kabisa. (Maua ya plastiki altareni siyapendi, na wanaonifahamu wanajua. Hayanywi maji, hayanyauki, na kila Pasaka tunayapangusa vumbi lilelile.)

Niliwakumbusha wazee kwamba Kanisa linachodai kwa Njia ya Msalaba ni misalaba 14. Picha ni nyongeza ya desturi njema. Misalaba yetu ni ya mninga na bado ipo ukutani. Picha ikioza, kituo hakijaondoka.

Lakini neno “kudumu” ndilo lililonibaki kichwani. Huku kwetu kipimo cha kudumu ni dhahabu. Haishiki kutu, pete iliyozikwa ardhini miaka elfu mbili huchimbuliwa iking'aa. Wajerumani waliigundua Geita mwaka 1898, mgodi wa enzi za Mwingereza ukafungwa mwaka 1966, mgodi mkubwa wa sasa ukaanza kuzalisha mwaka 2000. Dhahabu iliyotoka katika mgodi ule wa kwanza ingaliko mahali fulani duniani. Waliouchimba wengi wao tumekwisha kuwazika. Hata hivyo Mtume Petro (1Pet 1:18) anaihesabu dhahabu, pamoja na fedha, miongoni mwa vitu vinavyoharibika. Mchenjuaji yeyote wa hapa angembishia! Petro alikuwa na mizani nyingine: alikuwa akiuliza ni kitu gani kinaweza kumkomboa mtu, na kwenye mizani hiyo dhahabu na jani vina uzito mmoja. Katika sura hiyohiyo analeta maneno ya Isaya kuhusu nyasi zinazonyauka.

Na jani, tukilitazama vizuri, halipotei bure. Kiangazi kikikaribia, mti huvuta kwanza sehemu ya chakula kilichomo ndani ya jani, ndipo unaliachia. Likianguka, mchwa na kuvu wanalimalizia, na udongo unapokea. Watu wa Shinyanga wanalijua hili kuliko mimi. Mwalimu Nyerere aliwahi kuuita mkoa huu jangwa la Tanzania, kwa jinsi miti ilivyokuwa imefyekwa kwa ajili ya kufukuza mbung'o, kulima pamba na kupata kuni. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ulirudi kwenye desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kufungia eneo la malisho likapumzika mpaka kiangazi. Visiki vilivyodhaniwa vimekufa vikachipua vyenyewe. Hekta za ngitili zilikuwa kama 600 tu wakati ule. Baadaye zilipita 300,000. Ndani ya ngitili hakuna anayefagia majani. Inasikitisha kwamba leo miti hiyohiyo inakatwa kwa ajili ya mkaa, na kwa ajili ya matimba ya kushikilia kuta za maduara.

Matimba hayashikilii kila mara. Katika ubishi ule wa picha, aliyeninyamazisha hakuwa mzee wa halmashauri. Alikuwa mama mmoja wa jumuiya ya hapa kijijini, ambaye mwanawe alifukiwa duarani. Alinisubiri baada ya Misa, akapiga goti kidogo kusalimia, akasema: “Padri, mwanangu alikaa chini siku nne kabla hawajamtoa. Vituo vingine ni sawa. Ila kile cha mwisho, kaburi la Bwana, sitaki kulitazama likioza ukutani.”

Ningeweza kumsomea Paulo, kwamba mwili hupandwa katika uharibifu na kufufuliwa usioharibika (1Kor 15:42). Aliyajua maneno hayo. Yalisomwa kwenye mazishi. Niliwaambia vijana waondoe majani makavu kwenye kituo cha 14 na waweke mabichi. Yakanyauka kabla ya Ijumaa iliyofuata, kama ilivyokuwa lazima. Mama alifika mapema na matawi mapya ya mwembe, akayabadilisha mwenyewe. Ijumaa iliyofuata hivyohivyo, mpaka Kwaresima ikaisha. Yaliyonyauka aliyafunga kwenye kanga, akaenda kuyamwaga makaburini.

Picha za vituo vingine zilimalizwa na mchwa karibu na Pentekoste. Juzi mama yule alinisimamisha nje ya sakristia kuuliza kama mwaka huu tutatengeneza nyingine. Vijana wameshaloweka majani.