Mishipa ya Moyo Hailingani kwa Watu Wote

Katika machimbo ya Nyarugusu, Geita, na yale ya Kahama, Shinyanga, mchimbaji mdogo hujua kwamba mshipa wa dhahabu haufuati mstari: hupinda, hugawanyika, na pengine hupotea mwambani. Mishipa ya damu nayo hutofautiana baina ya mtu na mtu, na tofauti hiyo ina uzito mkubwa katika tiba ya moyo.

Kwa kawaida vena nne huleta damu yenye oksijeni kutoka mapafuni hadi chumba cha juu cha kushoto cha moyo, mbili kutoka kila pafu. Lakini kwa baadhi ya watu vena mbili za kushoto huungana na kuingia moyoni kwa mlango mmoja. Kwa wengine upande wa kulia huwa na vena ya tatu. Maumbile hayo si ugonjwa.

Maana yake huonekana pale vyumba vya juu vinapotetemeka ovyo badala ya kusukuma damu. Damu hutuama na kuganda. Bonge likifika ubongoni huleta kiharusi. Mwaka 1998, Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kwamba umeme unaoanzisha vurugu hiyo mara nyingi hutoka katika nyuzi za misuli ya moyo zilizopenya ndani ya vena hizo. Kwa hiyo daktari hupitisha mrija mwembamba kutoka kinenani hadi moyoni, akaunguza mduara kuzunguka milango ya vena. Kovu halipitishi umeme.

Vena ya tatu isipotambuliwa, chanzo cha vurugu chaweza kubaki. Moto ukipelekwa ndani mno, vena yaweza kusinyaa. Ndiyo sababu moyo aghalabu hupigwa picha kwanza, ili daktari afuate ramani ya mgonjwa mwenyewe, wala si ya kitabuni.

Yafaa ieleweke kwamba tiba hii haimfai kila mgonjwa. Vijana wengi wa Afrika Mashariki hupata vurugu hiyo kwa sababu ya vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambayo hufuata maambukizo ya koo yasiyotibiwa. Hao hutazamwa vali kwanza.

Hivyo basi, mapigo yasiyo na mpangilio yasidhaniwe kuwa uchovu wa duarani tu. Hospitali ya Bugando, Mwanza, huhudumia Kanda ya Ziwa, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ilianzishwa mwaka 2015. Safari ya huko huanzia zahanati ya kijijini, kwa vidole kwenye kifundo cha mkono.