Nane Nane si Matembezi

Wazee wanakumbuka kwamba zamani sikukuu ya wakulima ilikuwa Saba Saba, tarehe 7 Julai, siku ambayo chama cha TANU kilizaliwa mwaka 1954. Katika miaka ya 1990 ikahamia tarehe 8 Agosti, ndiyo Nane Nane. Sisi wa Singida huungana na wenzetu wa Dodoma katika uwanja wa Nzuguni. Huko wanafunzi wa vyuo vya kilimo husimama kando ya vipando vyao, wakieleza mbegu, nafasi na mbolea. Wengi wetu hupita tu. Nauli imekwisha, shamba ni lile lile! Basi ukienda, mwulize kijana yule bila haya: "Alizeti yangu haijai punje, nimekosea wapi?" Jibu hilo ndilo zawadi ya kurudi nayo nyumbani.