Waya wa Umeme na Ngozi Yake

Mwaka 2022 umeme wa Gridi ya Taifa ulifika Kibondo na Kasulu. Zamani miji hiyo ilitegemea majenereta ya dizeli. Basi tuutazame waya.

Ndani mna shaba. Umeme hupita humo kwa urahisi. Juu yake kuna ngozi ya plastiki, nayo haipitishi umeme. Panya akiitafuna, shaba hubaki uchi. Shaba ya waya mmoja ikigusa ya mwingine, cheche huruka. Na kama paa ni la nyasi, je? Mtu akiishika, umeme humpitia kwenda ardhini. Huua.

Ukiona waya umechubuka, usiufunge kwa mfuko wa nailoni, kama tunavyoona wengine wakifanya. Zima swichi kubwa, ita fundi. Waya wa kijani na njano usikatwe: huo hupeleka ardhini umeme uliotoroka.